Vitunguu Pori vya Ayi Lan

Juzi nilikuwa nakata majani ya kitunguu jikoni kwangu Njombe, harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama na kisu mkononi, nina miaka tisa, niko Guangzhou, China.

Tuliishi mimi na mama katika chumba kimoja pale mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona nguo. Mama alikuwa akinunua nguo soko la Zhanxi na kuzituma nyumbani, mpaka tumbo lilipomlaza. Kufikia majira ya kuchipua, kuta zinapotoka jasho na shuka hazikauki, alikuwa anakunywa uji tu. Madaktari walishamwambia hakuna la kufanya. Mimi sikuambiwa.

Jumapili moja Ayi Lan, fundi cherehani wa karakana ya chini, alinichukua tukachume vitunguu pori kando ya mto. Nilimwita ayi, kama watoto wa kule wanavyowaita mashangazi. Alichutama kwenye nyasi mbichi akanionyesha: jani la mviringo, lenye uwazi ndani kama mrija, na chini yake kitunguu cheupe kama shanga.

"Fikicha, unuse," alisema. "Lisiponuka kitunguu, tupa. Yapo yanayofanana nalo, yanaua."

Nilinusa jani mojamoja mpaka pua ikawasha, naye akanicheka.

"Vitamponya mama?"

Aliendelea kuchuma. "Vinafaa tumboni," alisema baadaye. Nikalichukulia hilo kuwa ndiyo.

Jioni tulivikaanga na mayai na tone la sosi ya soya. Macho ya mama yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa mafuta.

"Umevichuma mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Nimevinusa vyote."

Alikula nusu sahani. Nilihesabu matonge, nikalala na furaha.

Tulikwenda Jumapili tatu zaidi. Kila mara alikula kidogo kuliko mara iliyopita, na mimi nikazidi kuchuma, nikidhani kosa ni uchache wa majani. Ya mwisho hakufungua mdomo. Alifariki wiki hiyo.

Mjomba aliyenilea ndiye aliyeniambia, nami nikiwa mtu mzima. Jumapili hizo mama alikuwa akimpigia simu, akimsihi anichukue. Mara tatu mjomba alikataa. Alisema watoto wake mwenyewe wanamshinda kulea. Ya nne akakubali, kwa kuwa mama alikuwa hawezi tena kusema, analia tu.

Ni mama aliyekuwa akimwomba Ayi Lan anitoe nje. Chumba kilikuwa kimoja, na hakutaka nisikie nikikataliwa.