Jina Nililolikwangua kwenye Diploma ya Mama

Mama yangu alikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka kumi na miwili, mpaka asubuhi tulipovuka mpaka. Upande wa Uganda alivaa kofia nyeupe na wagonjwa walimwita sista, ingawa alikuwa na mume, na miye nikiwa nimeshika sketi yake. Mume akafa, askari wakaja, tukakimbilia kwa wajomba wa Mahagi, kisha Bunia. Upande wa Zaire wakampa ufagio na ndoo.

Alipata kazi ya kupangusa sakafu kwenye maternite moja, hospitali ya kuzalishia. Wauguzi waliomaliza shule juzi walikuwa wanapita juu ya maji yake na viatu vya matope. Siku moja nilimpelekea chakula, nikakuta mwanamke anapiga kelele juu ya meza na muuguzi kijana anatoka jasho kumshinda yule mwanamke. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sakafu mkononi. Akawa anasema taratibu, kama mtu anayeongea na ndoo: "Usimuvute. Ngoja. Ngoja kwanza. Sasa bega." Kijana akafanya vile. Mtoto akatoka, akalia. Kijana akapewa pongezi, mama akapewa damu ya kupangusa.

Njiani nilimwambia, "Mama, ile ndoo yako iko na akili sana. Tuipeleke kwenye masomo."

Kwa kawaida alicheka utani wangu hata pale nilipostahili kofi. Siku hiyo hakucheka. "Siku mutoto atakufa mbele yangu," alisema, "na miye niko na kitambaa mukononi, utaniambia kama kuna cha kucheka."

Hakuwa na ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Kumgusa bila karatasi ya serikali ilikuwa ni kwenda gerezani. Ili apate karatasi, diploma yake ilibidi ipelekwe Kisangani, ilinganishwe na diploma za kwetu hapa, wakubwa waamue kama miaka yake kumi na miwili ina uzito wowote. Hiyo ndiyo inaitwa équivalence. Mwaka mzima tulikuwa tunapanda kwenye biro ya mambo ya afya, yeye na bahasha yake, miye na mdomo wangu, kwa sababu yeye alijua Kiingereza, Kialuru na Kiswahili cha sokoni, na Kifaransa chake chote alikipata kwangu, na changu nilikipata uwanjani kwa kutukanwa.

Kila tulipofika ilikosekana karatasi moja. Tafsiri yenye muhuri. Tukaleta. Cheti cha tabia nzuri. Tukaleta. Picha nne, mama akiwa amevaa kitenge, siyo zile za kofia nyeupe. Tukaleta. Mkuu wa biro hakuwa mtu mbaya. Alivaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyombana tumboni na alikuwa ananipa karanga kutoka kwenye droo ya mihuri. Ijumaa moja akazipanga karatasi zote, akazigonga mezani ziwe sawa, akamwita raia kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotaka: "Citoyenne, dosie imekamilika. Inabakia kitu kimoja tu."

Akaweka kidole juu ya diploma, pale kwenye jina la ubatizo la mama.

"Hili ni jina la mutakatifu wa Wazungu. Kwenye kitambulisho chako haliko, na serikali imeshakataza. Kisangani watauliza: huyu wa diploma na huyu wa kitambulisho ni watu wawili? Uende tribunal, jaji aandike kama ni mutu mumoja."

"Jaji iko wapi, muzee?" mama aliuliza.

"Amesafiri. Atarudi mwezi ujao."

"Na dosie zinaondoka lini?"

"Jumatatu. Za mwaka huu, hizo ndizo za mwisho."

Mama alirudisha karatasi kwenye bahasha yake, akaikunja. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliopasuka.

Sasa niwaambie habari ya shule yetu. Mwanafunzi akichelewa kupandisha bendera anapewa salongo, yaani kazi ya lazima. Wengine wanafyeka majani. Miye nilikuwa nachelewa kila siku, na mkurugenzi aliona akinipa panga nitawachekesha wenzangu mpaka wakatane vidole, basi akanipa wembe. Kwenye kabati kulikuwa na vitabu vya zamani vilivyoachwa na mapadri, na ndani ya kila kitabu majina ya wanafunzi wa zamani, yote ya ubatizo. Amri ilikuwa yaondoke. Nikaketi na wembe wangu, asubuhi baada ya asubuhi, nikafukuza watakatifu kwenye vitabu vya hesabu wengi kuliko waliobaki mbinguni. Nikawa fundi. Baadaye wenzangu wakaanza kuniletea bulletin zao za alama: tatu juu ya kumi ikalala tatu, ikaamka nane. Malipo yalikuwa mandazi mawili, na kwa somo la dini matatu, kwa sababu ya dhambi.

Kwa hiyo Jumamosi, mama alipokwenda zamu, nilitoa diploma kwenye bahasha.

Wazo la kukosea halikunijia hata kidogo. Jina limekatazwa, si ndiyo? Shuleni jina lililokatazwa linakwanguliwa, na mkurugenzi mwenyewe anapita anasema vizuri, vizuri. Nililaza ile karatasi juu ya kioo cha kujitazamia. Ilikuwa nzito, rangi ya maziwa, na muhuri mwekundu chini. Nililaza wembe karibu bapa kabisa, nikakwangua herufi moja moja, nikapuliza unga wake. Nikasugua na kipande cha mkate mkavu, nikalainisha kwa ukucha. Palibaki peupe safi. Nikarudisha kwenye bahasha na sikumwambia mama. Nilitaka afurahi mbele ya mkuu wa biro, wote wawili wafurahi, halafu niseme ni miye. Nilikuwa nimetayarisha hata jinsi ya kuinama.

Jumatatu sikwenda shuleni. Tulifika kabla ya mlango kufunguliwa. Mama alikuja tu kumwomba yule muzee azuie dosie yake, isitupwe, mpaka jaji arudi. Mkuu akafungua bahasha. Akaitazama diploma. Akaisogeza karibu na pua. Kisha akainuka, akaiinua kwenye dirisha, na jua la asubuhi likapita pale kama linavyopita kwenye wavu wa samaki.

"Citoyenne. Hii ni nini?"

Mama aliichukua. Akaweka kidole gumba juu ya ile sehemu nyeupe, akakitoa, akakiweka tena. Halafu akanitazama miye.

"Hii inaitwa faux, karatasi ya uongo," mkuu alisema, na sauti yake haikuwa tena ya karanga. "Mutu anakwangua karatasi ya serikali, anafungwa. Na akifunguliwa, hawezi tena kuwa muuguzi, siyo hapa, siyo mahali popote. Nani amefanya?"

"C'est moi," mama alisema. Maana yake: ni mimi. Miye ndiye niliyemfundisha maneno hayo, kwa ajili ya kujibu akiitwa mlangoni.

Hapo nikacheka. Nina ugonjwa huo, hofu ikinipata inatoka kama kicheko.

"Na huyu mutoto anacheka!"

"Ni miye, muzee," nilisema. "Siyo yeye. Ni miye nimekwangua."

"Weye nyamaza. Mutoto hawezi kumufunika mama yake hapa."

"Nipe wembe nikuonyeshe."

Makarani watatu wa meza zingine waliacha kuandika. Kwenye kopo la kalamu kulikuwa na wembe wa kuchongea penseli, nikaushika kabla mkuu hajanikataza. Nikaokota fomu ya zamani kwenye kapu la takataka. Mkate sikuwa nao, nikamwomba karani wa karibu, aliyekuwa anakunywa chai, akanimegea huku ameduwaa. Nikakwangua. Wembe ulijua njia yake. Nilipomaliza nilimpa mkuu, naye akaenda nayo dirishani, akaiinua pamoja na diploma, kando kwa kando. Mianga miwili, sawasawa.

"Eh, huyu iko na diploma yake tayari," karani wa chai alisema, na biro nzima ikacheka. Mkuu pia akacheka kidogo. Mama hakucheka, na miye, kwa mara ya kwanza, sikuweza.

Mkuu aliketi. "Sasa nakuamini," aliniambia. "Siwezi kumuita mama yako mwizi. Hilo nimeliondoa. Lakini karatasi yenyewe imekufa, mutoto. Jaji akirudi ataandika nini juu ya jina ambalo haliko? Kisangani wataiinua kwenye dirisha kama miye. Ni shule iliyoitoa tu inaweza kutoa ingine."

Mama alimweleza kwa Kialuru, miye nikatafsiri, na kila neno lilikuwa zito kutoka mdomoni: askari walilala katika madarasa ya ile shule, vitabu vya wanafunzi viliwashiwa moto wa kupikia, na mkuu wake hakuna anayejua alikimbilia wapi. Mkuu wa biro alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akanyoosha mkono kama atachukua karanga, akaifunga tena.

Njiani mama aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ulisugulia na nini?"

"Mukate."

"Ule niliokuachia asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Nilimwomba anipige.

Tuliandikia ile shule ya Uganda, tukampa barua mwanamke wa Tchomia anayevuka ziwa na samaki. Alirudi nayo, inanuka samaki, haijafunguliwa. Tulituma ingine kupitia Mahagi, kisha ingine. Kila soko la Jumamosi nilisimama penye malori yanayotoka mpakani nikiuliza, mpaka madereva wakaanza kujibu kabla sijafungua mdomo. Hayana barua, dada. Hayana.

Mwezi wa tisa mkuu wa biro alimwita mama, akamwonyesha mlango uliobaki. Shule ya uuguzi ya hapa mjini inaweza kumpokea kama mtu asiye na kitu. Aanze mwanzo, kwa Kifaransa, na wasichana wa umri wangu.

Ameanza. Asubuhi anatoka kabla yangu, blauzi nyeupe, sketi ya bluu, daftari mbili kwapani, na mvi zimefungwa chini ya kitambaa. Zamu ya kupangusa anaifanya jioni. Wiki iliyopita mwalimu wao, ambaye ni yule yule kijana wa maternite, aliuliza darasani mtoto aliyekaa vibaya tumboni anageuzwaje. Mama aliinua mkono. Akasimama, akaonyesha kwa mikono yake hewani, vizuri kabisa, lakini maneno yakamtoka kwa Kiingereza, na wasichana wakacheka. Mwalimu alimwambia akae, akamwandikia sifuri.

Alinisimulia hayo akimenya mihogo, bila kuinua macho. Kisha akanisukumia daftari lake nimsahihishie. Huu ni mwaka wa kwanza. Miaka yenyewe iko minne.