Maneno ya Kujazia

Mdogo wangu hutengeneza tovuti za maduka yasiyokuwepo. Anajifunza, ndivyo asemavyo, ili siku mteja wa kweli akija asimkute mikono mitupu. Kwanza huchora ukurasa kwa penseli nyuma ya karatasi kuukuu za ofisini kwangu, kisha huketi kwenye kona ya meza ya chakula, mguu mmoja kaukalia, kompyuta mbele yake. Kila mara huvuta ukingo wa ukurasa, akaubana, akaupanua, akitazama maneno yanavyojipanga upya. Kitu kikigoma hakasiriki. Husema tu, "Haya, tuanze tena," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ale. Nami nikipita humtupia neno, na hajawahi kunijibu.

Jana mchana aliniletea simu nilione duka lake jipya la viatu. "Maneno usiyajali, Kaka, ni ya kujazia tu, nimeandika yaliyonijia. Niambie kama yanasomeka." Ukurasa ulikuwa mzuri kuliko wa ofisi yetu. Chini ya kila kiatu, kwa herufi safi zilizonyooka, niliyakuta maneno yangu mwenyewe: Bado unacheza? Tafuta kazi ya maana. Wenzako wameshafika mbali. Niliteremka nayo kwa kidole, kiatu baada ya kiatu, hadi mwisho, na nikashindwa kuinua uso.

"Yanasomeka," nilisema.

Akaichukua simu, akaitazama kwa mbali, penseli sikioni. "Naona kama ni makubwa mno," akasema. "Nitayapunguza."