Wiki Mbili Zisizo na Mtoto

Mama mkwe wangu huja Kisumu mwezi ukiwa mpevu. Si kwamba siku hizo anatupenda zaidi. Anauza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni upande wa Bondo, na omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa mitumbwi hupumzika, yeye hana cha kuanika, basi anakuja kukagua maisha yetu mtaani Migosi. Kule kijijini hawezi kulala chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Nyumba ya kupanga, anasema, haina mwiko kwa sababu haina mwenyewe.

Mara ile alinikuta nikitapika, akafurahi waziwazi. Asubuhi nilikuwa nimetoka kliniki, na kitabu changu cha wajawazito kilikuwa mezani, kando ya mfuko wa omena aliotuletea. Harufu ya mfuko huo ilinirudisha bafuni. Nilipotoka nilimkuta amevaa miwani, kitabu mkononi, kidole kimesimama juu ya namba moja.

"Nyar Asembo," aliniita. Binti wa Asembo. Ndivyo anavyoniita tangu niolewe, kwa jina la ufuo nilikozaliwa. "Hii wiki kumi imetoka wapi?"

"Ni umri wa mimba, Mama."

Akaanza kukunja vidole. Mwanawe ni mpima ardhi, na alikuwa ameenda Lodwar kikazi mwezi mzima. Alirudi mwezi ukiwa mpevu. Mama mkwe anajua kwa sababu alikuwa kwetu siku hiyo, yeye ndiye aliyempikia. Tangu hapo mwezi ulikuwa umejaa tena mara mbili tu. Hizo ni wiki nane na siku mbili tatu. Wiki kumi nyuma kulikuwa na giza, mitumbwi yote iko ziwani, na mwanawe yuko Lodwar.

"Sijasema kitu," alisema. "Nahesabu tu."

Nilikaa chini nikamweleza. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, karibu wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Siku ambayo kitabu kilianza kuniita mjamzito, yai langu lilikuwa bado halijatoka nyumbani kwake. Lilitoka baadaye, likasubiri kwenye mrija kama mgeni kituoni, na muda wake wa kusubiri ni mfupi, siku moja hivi. Mume wangu akarudi. Mbegu moja kati ya mamilioni ikalifikia, vikawa kitu kimoja, na kitu hicho kikateremka polepole kwa siku kadhaa kikitafuta mahali pa kujishikiza. Nililieleza jambo hilo vizuri, nadhani. Kidogo nilie kwa uzuri wake.

Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho.

"Watu wa vitabu hamkosi maneno," akasema, akaenda kuosha omena.

Hapo ndipo nilipochoka. Ningemdanganya angeniamini, lakini nilikuwa nimemwambia ukweli, naye ameupokea kama sura ya riwaya.

Jioni mume wangu alirudi. Mamake alimpa namba zile kama zilivyo: wiki kumi, miezi mipevu miwili. Nilimngoja acheke. Alitoa simu mfukoni, akafungua kalenda, akairudisha nyuma kwa kidole gumba, taratibu, huku amenipa mgongo nusu. Kisha akasema, "Labda nesi amekosea."

Labda. Nilikuwa tayari kwa mama mkwe. Kila mke hujiandaa kwa mama mkwe. Kwa kidole gumba kile sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kesho twende kliniki wote watatu, akalisome kosa mwenyewe.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka, anayetafuna njugu kila mtu anapotoka kabla mwingine hajaingia. Mama mkwe ndiye aliyekalia kiti cha mgonjwa.

"Sista, mtoto ya wiki kumi ilianza lini?"

Nesi alinitazama, akamtazama mume wangu aliyesimama mlangoni, na nadhani alielewa kesi nzima. Akavuta droo, akatoa gurudumu lake la karatasi lenye tarehe pembeni.

"Mama, mwanamke hajui siku yai lilipokutana na mbegu. Hakuna anayejua. Siku ya damu anaijua. Kwa hivyo tunaanzia pale tunapojua. Wiki kumi za kitabu, mtoto ana kama nane."

"Na hizo mbili za kwanza?"

"Hazina mtoto."

"Mnahesabu tu?"

"Tunahesabu tu."

"Hata kama bwana yuko Lodwar?"

"Hata kama bwana bado hajapatikana."

Mama mkwe alikunja vidole mara moja zaidi, midomo ikisema kitu bila sauti. Akafika mwisho. Akavua miwani. Maneno ni yale yale niliyomwambia jana mezani, bila mgeni wala kituo, na sasa yaliaminika kwa sababu yametoka kwa mtu mwenye droo.

Nje, kwenye benchi, nilingoja pole yangu. Haikuja. Mume wangu alikaa kando yangu, akashusha pumzi, akajaribu kunishika mkono.

"Mimi nilijua tu," alisema.

Mama mkwe alimgeukia. "Ulijua?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi ni mama mkwe. Kuhesabu ni kazi yangu, hata mimi nilihesabiwa. Wewe ulikuwa ndani ya hiyo nyumba. Wewe ulikuwa unahesabu nini?"

Alitazama viatu vyake, na mimi sikumsaidia. Mkono wangu niliubakiza juu ya tumbo ambalo bado halikuonyesha kitu. Nilikuwa na hasira na wote wawili, ila hasira kwa mmoja ilikuwa imeanza kupungua, na hakuwa yule ninayelala naye kitanda kimoja.

Mama mkwe akaniomba kitabu. Alikifunga, akakiviringisha ndani ya leso yake, akakirudisha mikononi mwangu kikiwa kimefungwa fundo.

"Hiki kisifike kijijini, Nyar Asembo," alisema. "Kule wanawake wote wanaanika omena, na wote wanahesabu miezi."