Isale la Nguzo ya Sita

Kama kuna kitu kinachonikera ni jengo linalokaribia kuwa sawa. Lililopinda lote nalivumilia. Ndiyo maana kikanisa cha kigango chetu, huko juu Kilema, kimenitesa tangu utotoni. Nguzo tano za mawe zina majani ya mzabibu yaliyochongwa vichwani, na ya sita ina jani jingine, refu, la peke yake.

Padri wa kizungu alileta picha ya kanisa la kwao, wazee wetu wakajenga walichokiona kwenye picha. Madirisha marefu membamba yaliyochongoka juu, nguzo za nje za kuegemeza kuta ambazo hazijawahi kutaka kuanguka, na paa lenye mwinamo mkali, utadhani theluji ya mlimani itashuka itutembelee. Mzabibu wenyewe hakuna kijijini aliyewahi kuuona. Fundi mkuu alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, na baba alikuwa msaidizi wake.

Mwaka huu kamati ya kigango iliniita kutoka Moshi mjini, ninakochora ramani za nyumba, nije nikipime kikanisa kabla hakijakarabatiwa. Mwenyekiti akaniambia, "Na ile nguzo ya sita, dada, fundi aikwangue, zote zifanane." Nilifurahi kupita kiasi. Nikapanda ngazi na futi yangu.

Nilipopangusa vumbi nikaona. Lilikuwa jani la isale, lile tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, na lilikuwa limefungwa fundo. Kwetu ukimkosea mtu, unafunga fundo kwenye jani la isale, unamtuma mtu alipeleke. Anayeletewa hana ujanja, lazima asamehe. Sasa hili la jiwe limetumwa na nani, kwa nani? Nilishuka, nikapanda tena, nikashuka.

Nilichojua ni kwamba baba na Baba Mkubwa hawajasemeshana tangu sijazaliwa, na vihamba vyao vimepakana. "Mambo ya mpaka," ndivyo nilivyoambiwa kila nilipouliza. Jumapili baba hutembea mwendo mrefu kwenda kusali kigango cha jirani. Baba Mkubwa husali hapahapa, na benchi lake liko chini ya nguzo ya sita. Nikaunganisha mambo: fundi ni yeye, kosa litakuwa lake, na radhi ameiombea mahali ambapo baba haingii. Nilikasirika kweli. Nikapiga picha kwa simu, nikateremka nyumbani.

Baba alikuwa anamkatakatia ng'ombe mgomba. Nilimwonyesha picha.

"Baba, kaka yako alikuomba radhi."

Aliishika simu mbali na macho, akaitazama mpaka kioo kikazima.

"Hilo nililichonga mimi," akasema.

Kumbe mkosaji ni huyu huyu niliyemtetea miaka yote! Akanieleza akiwa ameinamia panga. Kaka yake alishuka Moshi wiki nzima kutafuta chokaa ya kanisa, na yeye huku nyuma akang'oa masale ya mpaka, akayapanda upya hatua mbili ndani ya kihamba cha mwenzake. Kaka aliporudi aliona, akaacha kumsalimia. Kazi ikaendelea kimya kimya. Nguzo ya mwisho ilikuwa zamu ya baba kuchonga.

"Kwa nini hukumtuma mtu na jani, kama watu wengine?"

"Niliona aibu. Nikadhani jiwe litasema vizuri zaidi." Akafuta panga kwenye suruali. "Aliliona. Akainamisha kichwa, hakunijibu. Mpaka leo."

Sikujua nimhurumie au nimgombeze. Nilienda kwa Baba Mkubwa hivyo hivyo, nimechanganyikiwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Kamati inataka lile jani la nguzo ya sita likwanguliwe."

"Marahaba. Nani kasema?" Alisimama haraka kuliko umri wake unavyomruhusu. "Lisiguswe!"

"Kwa hiyo unalijua ni nini."

"Nililiona siku ileile." Akaketi tena. "Lakini isale halibandikwi juu kama tangazo, mwanangu. Linaletwa. Mimi nimekaa chini yake Jumapili zote hizo, nangoja mtu aje."

Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Wazee wawili wa Kichagga, wote wanaijua mila kuliko mimi, na kila mmoja amekaa upande wake anangoja mwenzake. Machozi yalinitoka, na sijui yalikuwa ya hasira au ya nini.

Nikarudi kwa baba. Tukaenda mpakani, nikakata jani, nikampa. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likashika.

"Nimwambie nini?"

"Hakisemwi kitu," akasema. "Peleka."

Baba Mkubwa alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama sana, akaligeuza, akalitazama tena. Halafu akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemwacha mpakani."

"Mpaka upi?"

Nikageuka kutazama. Migomba ilinizuia, nikaona kofia ya baba tu, na kofia haikuniambia amesimama wapi. Ndipo sauti yake ikatoka migombani, ya kukwaruza. Sikuwahi kuisikia ikimsemesha mtu wa nyumba ile.

"Wa zamani, kaka."