Barabara Inakula Upande Gani?

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani anataka kuonekana. Sisemi kujionyesha. Nasema mteja akipita aone dera limetundikwa, asimame, aulize. Miaka tisa nilishonea kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko la Kibiti, mahali ambapo mteja hafiki mpaka aulize watu watatu, na wawili kati yao watampeleka kwa fundi mwingine. Kwa hiyo niliposikia kuna nyumba inauzwa kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi, yenye baraza pana linalotazama lami, moyo wangu ulishahamia kabla miguu haijafika.

Sababu kubwa lakini ilikuwa mama yangu. Mama alikuwa anapoteza macho. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone kila siku na kliniki kila mwezi. Sasa kliniki na Maparoni, kule kwetu kwenye delta ya Rufiji, wapi na wapi! Kutoka kwetu ni boti mpaka Nyamisati, ukikuta maji yamekupwa unangoja, halafu utafute gari. Nikamwambia, mama, acha mpunga, unahamia kwangu. Akasema, "Kwako wapi? Kwenye kile chumba ambacho nikinyoosha mguu nagusa cherehani?" Nikaanza kutafuta nyumba.

Haya, tazama akili zangu. Natafuta nyumba ya kumweka mama asiyeona vizuri, naipenda iliyo hatua kumi na mbili kutoka kwenye lami. Nilizihesabu mwenyewe. Mabasi ya Mtwara yanapita pale kama yamefumaniwa, malori ya saruji ndiyo usiseme, na bodaboda wale ambao breki kwao ni pambo. Nikawa najiambia mama atakaa uani, hatakuwa na haja ya kutoka mbele. Mtu akiniuliza, "Na mama yako je, pale barabarani?" namjia juu palepale. "Kwani barabara itaingia ndani?" Nilikuwa mkali kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na sikulipenda.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara wa ufuta, mwenye maneno laini na kofia safi iliyoshonwa kwa mkono. Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha: lori likipita ananyamaza, likiisha kupita anaendelea palepale alipokatia, uso haubadiliki. "Nyumba hii, fundi, sifa yake kubwa…" Lori hilo, mabati yanatetemeka, vikombe kabatini vinagongana. "…ni utulivu." Nilicheka kimoyomoyo, na nyumba bado nikaitaka. Nilishaona cherehani yangu pale barazani, na sare za shule zimepangwa ukutani, na abiria wanateremka kununua.

Siku mama alipokuja kliniki nikampeleka akaione. Alisimama barazani, mkono begani kwangu, sikio amelielekeza barabarani. Likapita basi, likapita lori, zikapita pikipiki tatu. Halafu akamgeukia muuzaji, akamuuliza kwa adabu kabisa:

"Baba, inakula upande gani?"

Kwa aliyekulia bara, swali hilo halina maana. Kwetu kwenye delta ndilo la kwanza. Mto haukai mahali pamoja. Kila mwaka unamega ukingo huu, unajaza mchanga ule. Mtu akitaka kujenga anauliza mto unakula upande gani, ndipo akajenge upande wa pili. Mimi nyumba nilimozaliwa, leo boti zinapita juu yake. Mama ameshahamisha nyumba mara nne kwa sababu ya maji, na hajapata kulalamika, kwa kuwa kila mara aliuliza mapema akahama kwa wakati.

Muuzaji alicheka mpaka akashika nguzo. "Bibi weee! Hii lami. Lami haili."

Na mimi nikacheka. Nalisema hapa kwa sababu linaniuma mpaka leo: nilicheka, nikamwonea haya mama yangu mbele ya mtu wa ufuta. Mama alisema "Haya" tu, akaomba tuondoke.

Tukapanga siku ya mauziano. Kwa desturi, karatasi haiandikwi mpaka majirani wa mipakani waje, kila mmoja asimame upande wake aseme ndiyo, hapa ndipo tunapopakana, kisha aweke sahihi au dole gumba. Asubuhi ile alikuja jirani wa kulia, mwenye kibanda cha kuziba pancha. Akaja wa nyuma, mwenye mikorosho. Akaja na wa kushoto, mama mmoja mtu mzima anayekaanga mihogo, mikono bado ina mafuta. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na kalamu mbili na muhuri ndani ya mfuko wa plastiki. Mama naye akasema lazima aje. Nikamwambia apumzike tu, jua kali. "Nani atakayelala humo?" akaniuliza. "Wewe peke yako?"

Mwenyekiti akaandika huku anasoma kwa sauti. Kulia kwapakana na fulani. Kushoto fulani. Nyuma fulani. Mbele, barabara. Akainua kalamu ili watu waanze kutia sahihi.

"Na huyo wa mbele amekuja?" Mama ndiye aliyeuliza, kutoka kwenye kigoda chake.

"Nani, mama?"

"Barabara. Umetaja majirani wanne. Walionisalimia ni watatu."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Mwenyekiti alikuwa mpole, akamjibu bila dharau: "Mama yangu, barabara ni ya serikali. Haina mtu wa kuja kusimama."

"Mtu haina, sawa. Mpaka je? Shamba la aliyesafiri lina mpaka hata mwenyewe akiwa hayupo. Tuonyesheni unapoishia, tusimame hapo, tuandike."

Kicheko kikakatika. Mwenye kibanda akaanza kukagua kucha zake. Muuzaji akasema haraka, mpaka ni mtaro ule pale mbele, nani asiyeuona. Hakuna aliyeitikia. Mwisho mama wa mihogo akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Jamani, tusifanyiane hivi. Jiwe la barabara si liko uani?"

Uani! Nyuma ya nyumba!

Tukaenda sote, mama nimemshika kiwiko. Kando ya mafiga, katikati ya jivu, kilisimama kipande cha zege kimo cha goti. Upande mmoja ulikuwa umelika na kulainika kwa kunolewa visu na mapanga. Nilikuwa nimepita pale mara mbili nikadhani ni kinoo. Mama akachutama. Akakipapasa kuanzia juu, polepole, vidole vikafuata pembe, vikaingia kwenye masizi.

"Hili limetengenezwa na mtu," akasema. "Lina maandishi."

Mwenyekiti akainama, akakwangua masizi kwa ukingo wa kandambili yake, akasoma zile herufi kimyakimya. Kisha akatazama nyumba iliyokuwa mbele yetu, na barabara iliyokuwa mbele ya nyumba. Hata mtoto wa chekechea angeielewa hesabu ile. Kutoka kwenye jiwe lile kwenda mbele, kila kitu ni cha barabara: chumba, ukumbi, baraza langu pana, na ukuta ambao kichwani mwangu nilishaupigia misumari ya kutundikia madera.

"Basi nyumba yote imo mtoni," alisema mama, na safari hii hakuna aliyecheka.

Muuzaji akaja juu. Ati jiwe la zamani hilo, la enzi za barabara ya vumbi, hakuna anayelifuata. Mwenyekiti alikuwa ameshaurudisha muhuri kwenye mfuko wake. "Mimi sigongi hapa," akasema. "Siku wakija kupanua, wakakuta ukuta huu wakaupaka alama nyekundu, nani atatafutwa?" Nikamgeukia muuzaji nikamuuliza, tangu lini unalijua? Akanitazama kama mimi ndiye mkosaji. "Fundi, mbona kila mtu analijua."

Kila mtu! Isipokuwa mjinga mmoja, mimi. Damu ilinichemka, nikafungua mdomo nimpe za uso, lakini kitu kingine kilikuwa kinapanda kifuani, na nilipokitazama vizuri nikakuta ni furaha. Wallahi, furaha. Mabega yalinishuka, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya kwanza nilipoiona nyumba ile. Sitainunua. Hakuna mtu duniani wa kuniambia niinunue. Kumbe muda wote nilikuwa naomba mtu anikatalie, maana mwenyewe nilishindwa kujikatalia.

Tukaondoka na mama. Ilibidi tuvuke lami kwenda upande wa soko. Tulisimama pembeni tukingoja, mkono wake ndani ya mkono wangu, lori likapita, upepo wake ukatupiga kanga usoni. Ndipo nilipohisi anatetemeka, mwili mzima.

"Mama, unaogopa?"

"Tangu siku ile ya kwanza," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu. Miaka mingi sijakuona umefurahi vile."

Nilimvusha, nikamkalisha kwenye benchi la muuza kahawa, nikamwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Akasema kicheko kipi, hakikumbuki. Anakikumbuka sana.

Baada ya mavuno ya mpunga tulipata nyumba nyingine, ndani ndani, mwendo wa robo saa kutoka barabarani kwa njia ya mchanga. Vyumba viwili, bati zima, choo kinahitaji mlango. Majirani wa mipakani walikuwa wanne, wote wana miguu na midomo, wakaja wakasimama. Wateja walipungua, sitadanganya. Mwezi wa kwanza nilishona viraka na kukunja pindo za suruali tu. Sasa wananipigia simu, wengine wananilaumu kuwa nimejificha, lakini wanakuja.

Majuzi nilitoka kwenda kununua uzi. Nikarudi saa sita, mlango wazi, mkeka mtupu, kanga ya mama haipo kwenye kamba. Nilipiga kelele, sijui hata nilisema nini. Nikakimbia mpaka njiani peku, na nikamwona huyo anakuja taratibu, mkono mmoja unagusagusa uzio wa minyaa wa jirani, mkono wa pili ameshika bakuli la bamia.

Nikamfokea. "Mama! Umekwenda wapi bila kuniambia?"

"Kwa jirani, na nimerudi. Mbona wanifokea kama mtoto?" Akanipita, vidole kwenye minyaa, anahesabu hatua kwa sauti ya chini.

Sikumwambia, na sidhani kama nitamwambia, kwamba kwa ile nyumba ya barabarani nilikuwa nimeshamwagiza seremala komeo la mlango wa mbele, la kufungia kwa nje, kila nitakapotoka. Nilikuwa nimejipa moyo kuwa ni kwa usalama wake. Nikamfuata nyuma, nikamtangulia mlangoni ili nimshike mkono apande kizingiti, nikasimama hapo katikati.

"Nipishe, mwanangu," akasema. "Nipite."

Nikampisha.