Leseni ya Bukama

Donatien Nday alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem mwezi wa Oktoba 2003, akiwa na miaka sitini na minne na koti la kuazima kutoka kwa padri mmoja wa Lubumbashi. Binti yake Euphrasie alimpokea akampeleka Anderlecht, ghorofa ya saba, katika jengo la nyumba za kupangishwa na halmashauri. Dirisha la chumba chake lilitazama mapaa ya maghala na, mbali kidogo, miti ya Neerpede. Euphrasie alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao. Alitoka kabla ya kupambazuka na kurudi alasiri, na alipofika nyumbani hakuwa tena na hamu ya kumsikiliza mzee mwingine. Hilo alilisema mwenyewe, bila ubaya, na baba yake alilielewa.

Nday alizaliwa Kinkondja, kusini mwa Kongo, kando ya Ziwa Kisale, katika ukoo wa wavuvi. Mwaka 1957 aliandikishwa katika Force Publique, jeshi la koloni lililoongozwa na maofisa wa Kibelgiji. Alikaa kambini Luluabourg miaka mitatu, akajifunza Kilingala cha kijeshi na Kifaransa cha kupokea amri, akapanda cheo hadi koplo. Jeshi lilipovurugika mwaka 1960 alirudi ziwani kwa miguu na kwa treni, na kwa miaka arobaini iliyofuata alivua. Alikuwa na mitumbwi miwili na nyavu nne. Vita vilipofika Upemba, bonde la ziwa hilo, vijiji vya kando ya ziwa vilichomwa. Mke wake alifia njiani walipokuwa wakikimbilia mji wa Bukama, kwa homa ambayo hakuna aliyeipima. Ndipo Euphrasie alipoanza kushughulikia karatasi za kumleta baba yake Ubelgiji.

Miaka ya kwanza Nday alitembea. Alitembea hadi mfereji, hadi stesheni ya Midi, hadi soko la machinjioni, na kila mahali alitazama maji kama yapo. Mwaka 2007, katika matembezi hayo, alifika Neerpede akaliona bwawa la chama cha wavuvi. Lilikuwa na uzio wa waya, kibanda cha mbao na viti vya kukunja vilivyopangwa ukingoni. Alisimama nje ya waya akatazama kwa saa nzima. Jioni alimweleza binti yake.

"Euphrasie, nimeona kintu. Bazungu banaloba samaki mukubwa, banamupima kilo, banamupiga foto. Kisha banamurudisha mu mayi."

"Njo desturi yabo, papa."

"Samaki iko mugonjwa?"

"Hapana. Iko muzima. Habamukule tu."

Nday alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa. Halafu akarudi kuomba kujiunga.

Katibu wa chama alikuwa mama mmoja wa Kiflamandi aitwaye Marleen, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyestaafu mapema kutoka kazi ya maktaba. Alimweleza kwa Kifaransa cha taratibu kwamba bwawa halikuwa na nafasi. Kulikuwa na orodha ya kungojea. Isitoshe, kila mwanachama alitakiwa kuwa na leseni ya kuvua ya Flanders, ile inayouzwa posta, kwa sababu nchini Ubelgiji kila jimbo lina leseni yake na chama kilikuwa kimechagua hiyo. Aliandika jina la Nday kwenye orodha. Alikuwa wa arobaini na moja.

"Watu wangapi hutoka kwa mwaka?" Nday aliuliza.

"Wanne. Pengine watano," Marleen akasema. "Wengi hutoka kwa kufa."

Nday alimshukuru akaenda zake. Hesabu haikuwa ngumu, naye hakuwa kijana.

Mambo yangebaki hapo kama isingekuwa mtoto wa Marleen. Koen alikuwa mwanajeshi, dereva wa magari mazito, kambini Marche, upande wa Wallonia. Huko alikuwa na leseni ya Wallonia na alivua mtoni na wenzake. Alipokuja likizo kwa mama yake hakuruhusiwa kutupa ndoana katika bwawa ambalo mama yake alilisimamia, kwani leseni yake ilikuwa ya jimbo lingine na jina lake halikuwa kwenye orodha. Marleen alilivumilia jambo hilo misimu miwili. Kwenye mkutano mkuu wa Januari 2009, baada ya supu, alisimama akapendekeza kanuni mpya: askari aliye kazini, au aliyestaafu, mwenye leseni halali ya jimbo lingine, aruhusiwe kuvua bila kungoja orodha.

Mwenyekiti, Staf, mwanajeshi mstaafu, alilipenda wazo hilo. Aliongeza maneno matatu, "au nchi nyingine", kwa sababu alikuwa na marafiki Wamarekani na Waholanzi katika makao makuu ya NATO kule Evere, na alitaka kuwaalika. Kura zilikuwa thelathini na moja za ndiyo, sita za hapana. Tangazo lilibandikwa langoni kwa lugha mbili.

Nday alilisoma mwezi wa Februari, kwa kidole, mstari mmoja mmoja. Akalisoma tena. Alipofika nyumbani alimpigia simu mpwa wake Didas, aliyebaki Bukama na kuendesha mitumbwi ambayo bado ilikuwa kwa jina la mjomba wake.

"Didas, ile permis yangu ya kuloba, ulilipa ya mwaka huu?"

"Nililipa, tonton. Cachet iko juu yake."

"Bon. Unitumie ile yenyewe. Hapana photocopie."

"Sasa huku nitaonyesha nini?"

"Wewe onyesha photocopie. Huko banakujua."

Leseni ilichukua wiki saba. Ilipita Lubumbashi, ikapita Kinshasa, ikafika Brussels katika mkoba wa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, na Nday aliichukua kwenye saluni moja karibu na Porte de Namur, ambako mama huyo aliacha vifurushi vya watu. Ilikuwa karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, yenye mihuri ya miaka kumi na moja, mingine juu ya mingine. Nday aliiweka pamoja na kijitabu chake cha jeshi, ambacho hakikumtoka tangu 1960, na Jumamosi ya kwanza ya Mei akaenda Neerpede amevaa tai.

Marleen alimkumbuka. Alifungua daftari la orodha.

"Sikuja kwa orodha, madame," Nday akasema. "Nimekuja kwa tangazo la langoni. Mimi ni askari mstaafu. Hii ndiyo leseni yangu ya nchi nyingine."

Marleen alivaa miwani. Aliigeuza karatasi, akasoma upande mmoja, akasoma upande wa pili.

"Hapa wameandika nyavu nne na mitumbwi miwili."

"Ndiyo."

"Sisi huvua kwa ndoana tu, bwana Nday."

"Mtu aliyeaminiwa nyavu nne atashindwa na ndoana moja?"

Marleen aliikunja karatasi. Alichukua kijitabu cha jeshi. Kilikuwa na picha ya kijana mwenye shingo nyembamba na kofia ya jeshi.

"Na jeshi hili, samahani, ni la nchi gani?"

"La kwenu," Nday akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeulizwa anwani. Marleen alitoka kwenda kumwita Staf, aliyekuwa upande wa pili wa bwawa akikata majani.

Staf alikuja akijifuta mikono. Alikuwa wa rika moja na Nday, hata mwaka wa kuzaliwa ulikuwa mmoja. Mwaka 1959 alikuwa askari kijana wa miavuli katika kambi ya Wabelgiji ya Kamina, huko huko Kongo, na tangu arudi hakuwahi kukutana na askari yeyote wa Force Publique. Alikitazama kijitabu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Namba yako ya jeshi?" aliuliza, kitabu kikiwa mkononi mwake.

Nday alitaja tarakimu zote kwa Kifaransa, haraka, mikono ikiwa imenyooka ubavuni. Mwili wake ulikuwa umesimama hivyo kabla hajakusudia. Staf alilinganisha, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia kitabu.

"Siwezi kuamua peke yangu," alisema. "Kamati itakaa Alhamisi."

Kamati ilikuwa ya watu watano. Mweka hazina, Lucien, ndiye aliyepinga. Hakuwa mtu mbaya, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema kanuni ilitungwa kwa ajili ya Koen na watu wa NATO, na kila aliyepiga kura alijua hivyo. Alisema hakuna aliyeweza kuthibitisha muhuri wa Bukama. Alisema wakimkubali mmoja watakuja wengine.

"Kanuni haisemi Koen," Marleen akajibu. "Niliiandika mimi. Nilimfikiria Koen, ni kweli. Lakini niliandika askari."

"Askari wa Ubelgiji."

"Lucien, bendera ya jeshi lake ilikuwa ya nchi gani?"

Lucien alisema hilo ni suala la wanahistoria. Staf alisema si suala la mtu yeyote, ni jambo lililoandikwa kwenye jalada la kijitabu. Walipiga kura: watatu kwa wawili. Nday alikubaliwa kwa mwaka mmoja, kwa ufito mmoja wa kuvulia, na kwa sharti kama la wote, kwamba kila samaki arudishwe majini. Marleen alimpigia simu kesho yake. Euphrasie ndiye aliyepokea, na ilibidi aelezwe mara mbili, kwa kuwa baba yake hakuwa amemwambia lolote.

Siku ya kwanza Nday alifika na ufito wa kununua kwenye duka la vitu vya mitumba, na chambo cha unga wa mahindi alioupika mwenyewe mpaka ukashikana. Koen alikuwa likizo, akaketi karibu naye. Kabla ya saa sita mshipi ulikazwa. Nday hakusimama, alimchosha samaki akiwa amekaa, akiachia na kuvuta, na Koen akainama na wavu wa mkono kumpokea. Alikuwa karpe, samaki mnene wa magamba makubwa, kilo saba na nusu. Watu wawili watatu walikuja kumpongeza.

Koen alimlaza samaki juu ya mkeka uliolowa, akatoa ndoana. Kisha akangoja.

"Inabidi tumrudishe, papa Nday," alisema. Neno hilo la papa alilisikia kwa Wakongo wenzake wa kambini.

Nday aliweka kiganja juu ya ubavu wa samaki. Alijua samaki huyo angelisha watu wangapi, na kwa mboga gani. Alikaa hivyo mpaka Koen akaanza kuwa na wasiwasi juu ya pumzi ya samaki. Halafu akamwinua kwa mikono miwili, akamteremsha majini, akafungasha vitu vyake. Kwa wiki tatu hakuonekana. Alimwambia Euphrasie ya kuwa amefanya kitu ambacho baba yake mzazi angemchapia. Wiki ya nne alirudi, akaketi mahali palepale, na tangu hapo alikuja kila Jumamosi ya msimu. Mwaka ulipokwisha hakuna aliyeuliza kama ruhusa yake imekwisha. Mwaka 2012, mapema kuliko hesabu yake kwa kuwa wengi waliomtangulia walichoka kungoja, alipata barua ya chama kwamba zamu yake kwenye orodha imefika. Alimpelekea Marleen, Marleen akacheka, akalifuta jina lake.

Aliyotabiri Lucien yalitimia, ila kwa kiasi. Mwaka 2013 alikuja Mkenya aitwaye Otieno, dereva wa ubalozi mmoja, zamani sajini, mwenye leseni ya kuvua iliyotolewa Kisumu. Nday alikutana naye misani, akamweleza habari za tangazo. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja akishangaa cha mwenzake.

"Mzee, mbona unasema kuloba?" Otieno aliuliza. "Sisi tunasema kuvua."

"Kuvua ni manguo," Nday akajibu. "Samaki iko na manguo?"

Otieno alikubaliwa bila kamati. Baada yake alikuja Mholanzi mmoja, kisha Mmarekani mwanamke wa jeshi la anga. Marleen alipopata karatasi asiyoielewa, alimwita Nday aitazame, ingawa Nday naye hakuielewa. Aliitazama mihuri, akauliza swali moja au mawili kuhusu maji ya huko, na kwa majibu akajua kama mtu ni mvuvi. Lucien mwenyewe alikuja kukubali kwamba njia hiyo ilitosha. Hawakuwa marafiki, yeye na Nday, lakini walisalimiana kwa mkono.

Msimu wa 2015 Nday alianza kukosa. Nyonga ya kulia ilimuuma, na kutoka kituo cha basi hadi bwawani kulikuwa na mwendo. Mwezi wa Septemba alimwambia Euphrasie kwamba anaacha. Euphrasie, ambaye hakuwahi kukanyaga kule, alidhani kuna aliyemkosea.

"Balikusema mubaya, papa?"

"Hapana. Beko bantu bazuri."

"Alors juu ya nini?"

Nday alikuwa akivua viatu. Alimweleza kwamba mwaka huo amempata karpe mmoja mwenye mdomo uliochanika upande wa kushoto mara tatu: mara moja Mei, mara mbili Julai. Mara ya tatu samaki hakupigana kabisa. Alikuja tu.

"Ananijua," alisema. "Na mimi namujua. Haiko tena kuloba ile."

Euphrasie alicheka, kisha akaacha kucheka, akamletea maji ya moto ya kukandia nyonga. Mwezi wa Januari Marleen alipiga simu kuuliza kama aliandike jina lake kwa mwaka 2016. Nday alimwambia aliandike, hata kama atakuja kukaa tu.