Maharagwe Chini ya Mibuni

Hasira hii nimeishi nayo tangu darasa la sita, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Shamba letu kule Kangundo lilikuwa mibuni mitupu, kutoka uani hadi mtoni. Baba aliipanda wakati kahawa ilikuwa ikilipa. Kufikia miaka ya tisini bei ilikuwa imeanguka, baba ameshakufa, na sheria ilikuwa ileile: kung'oa mbuni ni kosa, kupanda chakula katikati yake ni kosa. Sasa kahawa utaila? Tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, bila hata punje ya maharagwe.

Mama akachoka. Mvua za Novemba zilipoanza, alipanda maharagwe kati ya mistari ya mibuni, upande wa chini usioonekana barabarani. Yakaota, yakatoa maua. Nikitoka shule nilipitia huko kwanza, na njaa yangu, kuyaangalia.

Asubuhi moja akaja afisa wa kilimo na askari wawili. Hata salamu hakutoa. Aliinama akayang'oa kwa mikono, mstari baada ya mstari, kisha akamwamuru mama ayabebe akayatupe barabarani ili majirani wajifunze.

"Bwana ofisa, hii ni chakula ya watoto," mama alisema.

"Mama, hii ni shamba ya kahawa," alijibu, huku akijipangusa udongo kwa majani ya mbuni.

Siku hizo vyama vingi vilikuwa vimerudi na redio ilishinda ikitangaza demokrasia. Demokrasia gani? Tulipewa ruhusa ya kuchagua rais, ya kupanda maharagwe tukanyimwa.

Miaka zaidi ya kumi ikapita, serikali nyingine ikaingia. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, afisa yuleyule akaingia uani, sasa ana kitambi na tabasamu. Alituletea habari njema: kahawa imeshindwa, ng'oeni, mpande maparachichi, mpande mnachotaka. Hakumkumbuka mama hata kidogo.

Nilifungua mdomo nimtukane. Mama akanishika mkono. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akamwekea miguuni.

"Maharagwe yangu uling'oa na mikono na hukuchoka," alimwambia. "Hii kahawa iko na mizizi mingi, nimekuletea jembe. Anza."

Kisha akavuta kigoda, akaketi kumngoja.